Kitambaa Kinachokungoja Chemba

Kwako Mama Deusi, mke wangu,

Kabla ya lolote nakusalimu wewe na nyumba yote, na mgongo wako nao nausalimu peke yake, maana najua ndio huamka wa kwanza kulalamika. Baridi ya huko Sumbawanga imeanza kuuma? Mlango wa jikoni Deusi ameshautengeneza, au bado anasema kesho? Na yule mbuzi mwekundu, alizaa mmoja au wawili? Mimi huku Chemba ni mzima, meno niliyoondoka nayo ni yale yale. Watu wa huku nikiwatajia miaka yangu wanakataa, wanasema mzee huyu anajiongezea. Nawaacha wabishane wenyewe.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, leo siku ya nne. Utasema kwa nini sikupiga simu. Simu ya Deusi ukiipiga inawekwa spika, inasikilizwa na nyumba nzima pamoja na jirani aliyekuja kuomba chumvi, na ndugu yangu Apolinari hakosi kuwepo hapo na masikio yake. Jambo la leo silitaki limfikie Apolinari. Wewe ulifika darasa la nne kwa masista, mimi nilisoma kisomo cha watu wazima miezi mitatu nikawapita wote waliokuwa na sita, kwa hiyo tutaelewana. Palipofutwa usipahangaikie, palikuwa na maneno yasiyofaa.

Nianze na habari njema, kwa sababu ni nyingi.

Unakumbuka yule binti Neema, afisa maendeleo, alivyoingia uani kwetu na daftari lake akauliza kama bado yupo mtu anayejua kufuma kile kitambaa cha pamba cha wazee. Nikamwambia yupo mmoja, na bahati yako umemkuta amekaa. Apolinari akacheka mpaka akakohoa. Akasema nitakuwa nimerudi kabla mahindi hayajatoa mbelewele, nimebeba vijiti vyangu. Sasa mwambie mahindi yamevunwa, yamepukuchuliwa, na mimi nipo.

Kijiji kiko nje kidogo ya Chemba, watu wake wengi ni Warangi, Waislamu, wapole ila wanapenda utani. Nakaa kwa mzee mmoja, Mzee Idi, mfuga mbuzi, na mke wake Bi Zaituni, ambaye nitamtaja sana kwa hiyo mshike vizuri. Asubuhi nikitoka, Mzee Idi, kwa ule uvumi kwamba sisi Wafipa tunatuma radi, ananiambia, "Mfipa, leo usitupigie radi, mbuzi wako malishoni." Namjibu radi yangu haipotezi muda na mbuzi waliokonda. Basi tunacheka, chai inaletwa. Chakula ni ugali wa uwele na mlenda. Mwanzoni ule mlenda ulikuwa unanishuka wenyewe kabla sijaamua kuumeza. Siku hizi naongeza. Pombe sinywi, siyo kwamba nimeokoka, ni heshima ya nyumba ya watu.

Sasa kazi. Siku niliyofika nilichimbia vigingi vyangu vinne chini ya kibanda cha mabati walichotujengea, nikafunga kitanda cha kufumia kama alivyonifundisha babu, nikatandika mtande wa nyuzi za urefu kwa uzi mzuri kutoka kwenye vile viroba viwili vya madonge nilivyotoka navyo nyumbani. Nikamwambia Neema aniletee wanaume kumi wenye mikono mizuri.

Walikuja wanane. Wakasimama. Hakuna aliyekaa. Mmoja akauliza, "Mzee, hii kazi inafanywa umekaa chini hivyo, na nyuzi mkononi?" Nikasema ndiyo. Wakatazamana. Huku, Mama Deusi, kusuka ni kwa wanawake. Mikeka, vikapu, nyungo, vyote ni wanawake. Mwanamume akionekana na ukindu mkononi ni kwamba anaupeleka kwa mke wake. Siku ya pili walikuja wanne, siku ya tatu akaja Mzee Idi peke yake, naye alikuja kuniuliza kama nimemwona mbuzi wake mweusi.

Walipoondoka wanaume, wakaja wanawake. Kumi na mmoja, kila mmoja na kigoda chake, Bi Zaituni mbele. Nikawaambia hapana. Kwetu kitanda hiki hakijawahi kukaliwa na mwanamke tangu babu wa babu yangu, na mimi sitakuwa wa kwanza kukivunjia heshima. Neema akaniomba. Nikakataa. Akaniomba tena kwa Kiswahili cha ofisini, nikakataa kwa Kiswahili changu. Unanijua.

Wale wanawake hawakuondoka. Walikaa kwenye kivuli cha pili wakasuka vikapu vyao, macho kwangu. Wiki nzima, mimi nafuma, wao wanasuka wanatazama. Bi Zaituni kila baada ya muda anapaza sauti, "Jamani, mwalimu anafundisha kweli, ila sijamwona mwanafunzi." Wengine wanacheka. Mwingine anasema, "Yupo, ni yule mjusi juu ya bati." Nilifuma vizuri sana wiki ile, kwa hasira.

Siku ya mnada nikaenda kula nyama. Mnada wa huku ni mkubwa, ng'ombe mpaka unachoka kuwatazama, na nyama inachomwa hapo hapo, ukiila mbali na pale haina ladha ile. Niliporudi alasiri nikakuta kitambaa kimeongezeka shibiri mbili. Nikainama nikatafuta mahali nilipoachia. Sikupaona, na unajua macho yangu. Nikapitisha kidole ukingoni kutoka mwanzo hadi mwisho, mahali pangu ukingo ulikuwa unacheza kidogo, kidogo tu, halafu ukanyooka kama umepigwa rula. Hapo ndipo nikajua nilipoachia.

Bi Zaituni alikuwa kwenye kivuli anasuka kikapu, hata hakuinua kichwa.

Nikamwuliza, "Nani alikaa hapa?"

Akasema, "Mjusi."

Nilicheka, Mama Deusi, nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikawaambia basi sogezeni vigoda. Unaona jinsi ninavyofundisha? Hata nisipofundisha watu wanajua. Tangu siku ile tuna vitanda vitatu, wanawake kumi na mmoja, na mikono yao imezoea kuhesabu ukindu toka utotoni, ukisema nyuzi mbili juu moja chini hawaulizi mara ya pili. Bi Zaituni amebuni ukingo wa miraba kutoka kwenye vikapu vyao, na mimi nimekubali uingie kwenye kitambaa chetu. Ndiyo, mimi. Unaweza kukaa kwanza kama umesimama.

Watu wameanza kuja kutazama. Alikuja mkubwa mmoja wa Neema kutoka Dodoma mjini, amevaa viatu vinavyong'aa, akatoka hapa vina rangi ya udongo. Akashika kitambaa, akakinusa, akauliza kilitoka wapi. Nikamwambia kimetoka hapa, kwenye vidole hivi. Akasema wakubwa wanataka kuona kwenye maonyesho ya wakulima mwezi wa nane: wanawake wa kijiji wafanye kazi yote mbele ya watu, kuanzia pamba mbichi mpaka kitambaa. Wakiweza, kijiji kitajengewa nyumba ya kufumia na vitanda ishirini, na kazi itasambazwa vijiji vingine, mpaka upande wa Mvumi. Wasipoweza, mradi unafungwa na kila mtu arudi kwake. Nikamwambia, bwana mkubwa, wataweza. Nilisema kwa sauti. Wote walisikia.

Bi Zaituni aliniambia jioni ile, "Mwalimu, mwaka juzi mvua ilikataa tukala ya kuombaomba. Hii nyumba ya vitanda ikija, hata mvua ikatae tutakuwa na kitu cha kushika. Usituangushe." Hakuwa anatania. Ni mara ya kwanza nilimsikia hatanii.

Sasa nafika penyewe, nimezunguka vya kutosha.

Uzi ukaisha.

Viroba viwili, Mama Deusi, nilidhani ni vya miaka mitatu. Lakini watu kumi na wawili wakifuma na wakikosea na wakifumua, uzi hauna subira. Ukaisha kitambaa kikubwa cha maonyesho kikiwa kimebakiza mikono miwili kumalizika. Mtande umenyooka vizuri mpaka mwisho, hakuna cha kupitisha katikati. Neema akaleta uzi wa dukani kutoka mjini. Nikaurudisha. Akasema hata hivyo wakubwa hawautaki, wanataka uliosokotwa kwa mkono.

Nikawaambia wanawake msiwe na wasiwasi, kusokota ni kazi ndogo, kwetu watu wanasokota huku wanasimulia habari za jirani. Pamba ipo, wakulima wa huku wanalima. Nikachonga kijiti, nikatia kigae chini kiwe uzito wa kukizungusha, nikakaa mbele yao wote kumi na mmoja.

Uzi wa kwanza ulitoka mnene kama kamba ya mbuzi. Nikasema huo ni wa mfano. Wa pili ukakatika. Wa tatu ukawa mwembamba hapa, mnene pale, kama nyoka aliyemeza panya wengi. Nikasema pamba hii ilivunwa na umande. Kesho yake nikasema ni upepo. Kesho kutwa yake nikachonga kijiti kingine nikasema kile cha kwanza mti wake ulikuwa mzito. Wakajaribu wao, na wao wakatoa kamba kama zangu, maana ndicho nilichowafundisha. Tukapitisha kidogo kwenye kitambaa, kikavimba ukingoni kama utumbo. Nikafumua chote kwa mkono wangu, nikiwa nimewapa mgongo.

Wiki tatu zilipita hivyo. Neema akaja, akatazama, akasema kwa upole, "Babu, tukikate hapo kilipofikia. Ni kirefu cha kutosha, angalau tuwe na cha kuonyesha wakubwa, mengine tutaomba." Akaleta kisu. Wanawake wakasimama duara, wameshika vifua.

Hapo Bi Zaituni akasema, "Ngoja kwanza. Mwalimu alitufundisha kwao kitambaa hakikatwi na yeyote tu. Kinakatwa na mwenye uzi." Na ni kweli niliwafundisha, siku za mwanzo, nikijigamba na desturi zetu. Akanipa kisu kwa mikono miwili. "Kata, mwalimu. Uzi si wako?"

Maana nilikuwa nawaambia kila siku. Shikeni uzi wangu vizuri. Msiuchafue uzi wangu. Tazameni uzi wangu ulivyo sawasawa, hakuna uzi kama huu Chemba nzima.

Nilisimama na kile kisu. Miaka yote tuliyokaa, Mama Deusi, mimi nimefuma vitambaa sijui vingapi, sijakata hata kimoja. Nikimaliza naita, unatoka jikoni unafuta mikono kwenye kanga, unakata, unarudi kwenye chungu chako. Nilikuwa nafikiri ni desturi tu, kama ya kumpa mgeni kiti. Nimesimama pale nikajaribu kukumbuka mikono yako inafanyaje ukisokota. Kidole gani kinavuta, kipi kinazuia, kijiti unakizungusha pajani au hewani. Sikukumbuka. Nimekaa na wewe uani maisha yote, unasokota umbali wa hatua tatu, na mimi sijawahi kutazama. Nilikuwa nasema tu, maliza upesi, kazi yenyewe inasubiri.

Nikampa Bi Zaituni kisu. Nikasema, "Siwezi kukata. Mwenye uzi yuko Sumbawanga."

Akauliza, "Ni nani?"

Nikasema, "Mke wangu."

Bi Zaituni akamgeukia Neema akasema, "Binti, wewe ulituletea nusu ya mwalimu."

Wakacheka wote, na Neema akacheka mpaka akatoa leso akafuta macho. Mimi nilikuwa nataka kununa lakini nikakuta na mimi nacheka. Wakaanza kunihoji. Anaitwa nani? Ana umri gani? Anakula mlenda? Anasokota amekaa au amesimama? Hilo la mwisho nikawaambia anasokota hata akitembea kwenda shambani, na hilo angalau nina uhakika nalo, kwa sababu nilikuwa nakulalamikia unachelewa njiani. Mmoja akasema, "Na ulivyomwacha huko, ulimwacha ili iweje?" Nikaenda kutafuta karatasi ya kukuandikia.

Kwa hiyo mke wangu nakuomba uje.

Tazama nimeliandika. Lilinichukua siku mbili katika hizi nne. Neema atapita kwenu wiki ijayo, ana safari ya kikazi huko, atarudi na wewe kwenye gari lao, huna haja ya kuhangaika na mabasi. Mgongo wako nimeshamweleza, atakuwekea mto. Njoo na kijiti chako kile cheusi cha kusokotea, siyo kile kipya, na kigae chake. Mbuzi mwekundu ataangaliwa na Deusi, na mlango wa jikoni ukiwa haujatengenezwa basi afunge kwa kamba, si mwisho wa dunia.

Ukifika usianze na kunicheka mbele ya wanafunzi. Nicheke tukiwa wawili. Kwenye kibanda wewe utakaa upande wa mashariki kuna mwanga mzuri, nimeshaweka kigoda, na wanawake wamesuka mkeka mpya wa kukukaribisha, wenye miraba ile ya Bi Zaituni. Chumba chetu kwa Mzee Idi kimepakwa chokaa. Yeye anasema Mfipa mmoja alimtosha, sasa akija wa pili radi zitakuwa mbili, lakini chokaa amepaka mwenyewe, nilimwona. Na mimi nitakaa karibu yako nitazame. Safari hii nitatazama. Ila usinisemeshe kama mwanafunzi, mimi ni mwalimu wa hapa.

Ndani ya bahasha nimekutia kipande cha uzi. Ndio mzuri kuliko nyuzi zote tulizosokota, amesokota Bi Zaituni. Ukivute polepole ujue tatizo liko wapi, maana mimi nimevuta mara nyingi sioni ila kwamba unakatika. Ukishajua usimwambie mtu. Uje nalo.

Apolinari msalimie. Akiuliza unakwenda wapi na kijiti chako, mwambie kazi ya Chemba imekuwa kubwa kuliko mtu mmoja. Huo si uongo. Akitaka kujua zaidi mwambie aje mwenyewe, kuna kigoda cha tatu, na pamba ya kuchambua ni nyingi.

Deusi mwambie baba yake anamtaka awe mwanamume wa nyumba mpaka turudi, na aoge. Mkewe mpe pole ya kuishi naye. Shemeji yangu wa pale kanisani anayepiga kengele mwambie huku naamshwa na adhana na nimekuwa mtu wa kuamka mapema, sasa hana la kunisema. Mjukuu wangu mdogo kabisa, yule aliyekuwa anajikunja ndani ya kiroba cha pamba ukimtafuta, mpake mafuta kichwani kwa mkono wangu.

Kitambaa kiko pale pale uzi wako ulipoishia. Nimekifunika na shuka langu lile la kijivu kisipate vumbi, na usiku najifunika koti. Wanawake wakipita asubuhi wanainua pembe ya shuka, wanachungulia, wanafunika tena. Hakuna aliyekigusa. Kisu nimekinoa.

Mumeo anayekungoja,
Baba Deusi, mfumaji.